Kompyuta Yangu Ilivyobadilishiwa Mama

Kompyuta yangu ilikufa Jumanne moja asubuhi, katikati ya masika, nikiwa nachapa majina ya watoto wa bibi yangu mmoja ambaye sikuwahi kumwona. Alikuwa amezaa watoto tisa. Nilipofika kwa wa tano skrini ikawa nyeusi, feni ikazunguka kidogo, ikasimama, ikazunguka tena, ikasimama, kama mtu anayetaka kupiga chafya na chafya inamgomea.

Niliizima, nikaiwasha. Nikachomoa waya, nikachomeka. Nikaipiga kofi ubavuni, kwa sababu redio ya marehemu baba yangu ilikuwa inaelewa lugha hiyo. Haikuelewa.

Mume wangu alikuwa barazani anakunywa chai. Alifanya kazi maisha yake yote kwenye mitambo ya kiwanda cha sukari, na tangu tustaafu hana mtambo wa kuusemesha ila mimi. Kompyuta hiyo aliipa jina la mume mdogo, kwa madai kwamba mimi nikiamka naanza kumsabahi huyo.

"Mume mdogo kagoma?" akauliza bila kugeuka.

"Kazimia."

"Mmwagie maji."

Mimi ni mchapaji. Nilichapa kwa kuajiriwa miaka ishirini na sita, nikianza na mashine za taipu zilizokuwa zikigonga kama mvua ya mawe juu ya bati, nikamalizia na kompyuta. Nilipokaribia kustaafu ofisi ikauza vifaa vyake vilivyochakaa, nami nikanunua ileile niliyokuwa nimekaa mbele yake miaka ya mwisho. Ilikuwa imechakaa wakati huo. Mume wangu alisema nimeinunua ofisi ili asubuhi niwe na pa kwenda, na hakukosea sana. Nimekuwa nikichapa kadi za harusi za mtaa mzima, barua za maombi ya kazi, na mihtasari ya vikao vya watu wasiosalimiana.

Lakini safari hii kazi ilikuwa ya nyumbani. Mjomba wangu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo wetu huko Mgeta, alinikabidhi madaftari manne ya shule yaliyoandikwa kwa mikono ya watu watatu, akaniambia niyachape yawe kitu kimoja kabla ya kikao cha ukoo. Sisi Waluguru ukoo tunaufuata kwa mama, na mashamba vilevile, kwa hiyo orodha ya akina mama si jambo la kujifurahisha. Jina likirukwa, kuna mteremko wa njegere utagombaniwa. Kikao kilikuwa baada ya wiki tatu, na mimi nilikuwa nimemaliza daftari moja na nusu.

Niliifunga kompyuta kwenye khanga, nikaita bajaji, nikaipakata mapajani mpaka mjini. Dereva aliniuliza kama ni keki.

Kibanda cha fundi kiko nyuma ya soko, kati ya mshona viatu na mama anayeuza vitumbua. Fundi ni mtu wa miaka hamsini na kitu, mnene kidogo, mwenye tabia ya kuzungumza na vifaa kwa heshima na kuzungumza na wenye vifaa atakavyo. Kabla ya kompyuta alitengeneza redio na televisheni. Alinikaribisha, akaifungua khanga polepole, akaiangalia ile kompyuta, kisha akaniangalia mimi.

"Mama ni mwenyeji wa hapa?"

"Mwenyeji. Mluguru wa Mgeta."

Akaweka bisibisi chini. "Mimi Mnyamwezi wa Sikonge."

Hapo nikajua kwamba siku yangu ama imeharibika ama imenoga. Wanyamwezi na sisi ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Mtani ana ruhusa ya kukuambia lolote, na wewe huna ruhusa ya kununa.

"Babu zangu," akasema, "walipita hapo chini wamebeba mizigo mabegani, jua linawaka. Babu zako wamekaa kule juu kwenye ukungu wanatazama. Hakushuka hata mmoja kusaidia kubeba."

"Walikuwa wanawahurumia," nikamwambia. "Walidhani mmefukuzwa kwenu."

Alicheka, akavuta kigoda akanipa, na kutoka dakika hiyo hakuniita mama tena. Aliniita mtani.

Alipofungua ubavu wa kompyuta tulikuta vumbi zito kama blanketi, maganda mawili ya mayai ya mjusi, na kibanio cha nywele ambacho nilikitambua lakini sikusema. Alikitoa kwa koleo, akakiweka mbele yangu kwenye meza kama daktari anayemwonyesha mgonjwa jiwe la kwenye figo. Halafu akapuliza vumbi, akamulika tochi, akaniita nisogee. Kwenye ile bodi kubwa ya kijani ambamo kila kitu kimechomekwa kulikuwa na vikopo vidogo vimesimama, vinene kama kalamu. Vitano vilikuwa vimevimba vichwa, na kimoja kimetoa uji wa kahawia.

"Hivi vilitakiwa kuwa bapa juu," akasema. "Ningeweza kuvibadilisha vyenyewe. Lakini angalia na hapa pembeni, pameungua. Hii ndiyo mazabodi, yaani bodi mama. Ndiyo inayobeba wenzake wote, na imekufa."

"Na wenzake?"

"Wenzake ngoja niwapime."

Aliwachomoa mmoja mmoja akawajaribu kwenye kompyuta nyingine aliyokuwa nayo: prosesa, ambayo ndiyo ubongo, na ramu, ambayo ni kumbukumbu ya muda, na diski yenye maandishi yangu. Wote walikuwa wazima. Akaniambia kama nina haraka, diski hiyo naweza kwenda nayo kwenye duka lolote la stationeri nikamalizie kazi huko. Nilimwambia sichapi kwenye vibodi vya watu. Vibodi vya stationeri herufi zimefutika, A inanata, na kuna kijana nyuma yako anasubiri kupiga picha ya pasipoti. Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba nilitaka kompyuta yangu.

"Basi tafuta mazabodi ya mtumba," fundi akasema. "Mpya ya aina hii hawatengenezi tena, na ukitaka mpya ya kisasa itabidi ununue na prosesa na ramu, yaani ununue kompyuta nzima ubakize boksi. Ya mtumba itakutosha. Ila kiti chake kifanane na prosesa yako. Prosesa hizi kila moja ina kiti chake, na kiti kina namba." Akachana kipande cha boksi la viatu kutoka kwa jirani yake, akaandika: 1155. "Ikikosea hata moja, haikai."

Akasema anaye mtu wake Kariakoo wa kumwagiza. Nikafikiri: mtu wake Kariakoo atataka chake, na fundi atataka chake juu ya cha mtu wake, na mimi ni mstaafu ninayejua kusoma na kuandika. Nikamwambia nitaitafuta mwenyewe. Aliinua nyusi, akanirudishia khanga yangu.

Nyumbani mume wangu aliuliza kwa nini nisichape kwenye simu. Nikamwambia majina ni mamia. Akasema dole gumba langu lina nguvu, yeye amewahi kuliona likikanda viazi.

Siku hiyohiyo nilimpata muuzaji wa vipuri vya mitumba wa Dar es Salaam kupitia tangazo kwenye simu. Nikamwandikia ujumbe, akanijibu kwamba anayo, imetoka kwenye kompyuta ya benki, safi kabisa. Nikatuma hela. Alhamisi ikaja na basi, imefungwa ndani ya boksi la biskuti, na mimi nikaichukua stendi nikaenda nayo moja kwa moja kwa fundi. Nilitembea kama mtu aliyekwepa ushuru.

Fundi aliitoa kwenye boksi, akaigeuza, akainusa, akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali. Halafu akachukua prosesa yangu kwa vidole viwili, akaiteremsha juu ya kile kiti bila kuibonyeza. Prosesa ina vipengo viwili vidogo ubavuni, na kiti kina vijino viwili vya kuingia humo. Vijino vilikuwa sehemu moja, vipengo sehemu nyingine. Akairudisha mezani.

"Mtani, wewe una miwani. Nisomee hapa kwenye kiti."

Nikavaa miwani. "Kumi na moja, hamsini na sita."

"Mimi nilikuandikia ngapi?"

Nikatoa kile kipande cha boksi la viatu kwenye pochi, nikakiangalia kwa muda mrefu kuliko kilivyohitaji. "Hii tano yako ina tumbo," nikasema.

"Tano zote zina tumbo. Hii ina na kofia juu, iangalie vizuri. Sita haivai kofia."

"Imekaa vibaya."

"Miaka ishirini na sita umesoma miandiko ya mabosi," akasema kwa upole, "leo ya Mnyamwezi imekushinda."

Nikafungua simu kutafuta ule ujumbe, nikiwa na tumaini kwamba muuzaji ndiye aliyekosea. Nilikuwa nimeandika mwenyewe, kwa dole gumba lile linalosifiwa: 1156. Katika kazi yangu nilikuwa najulikana kwa kutokosea tarakimu. Wenzangu walikuwa wananiletea mahesabu yao niyachape kwa sababu hiyo. Nilikaa kwenye kigoda, na mama wa vitumbua, ambaye bila shaka alikuwa amesikia yote, akaniletea vitumbua viwili bila kuniuliza.

Muuzaji nilipompigia alisema mzigo ukishapanda basi ni wa mwenye mzigo.

Nilirudi nyumbani nikaweka lile boksi juu ya kabati la vyombo, nyuma ya chujio, nikapanga kumwambia mume wangu siku nitakayojisikia vizuri. Kesho yake asubuhi nilikuwa nafagia uani nikasikia kiti kikiburutwa jikoni. Baadaye akatokea mlangoni, kikombe mkono mmoja, mazabodi mkono mwingine.

"Nimetafuta biskuti za chai," akasema. "Hii nimeshindwa kuitafuna."

Ikabidi nimwambie yote. Alisikiliza bila kunikatiza, akiwa ameishika ile bodi kama sinia. Nilipofika kwenye ile sita alikunywa chai kidogo, akatikisa kichwa, akasema kiwandani waliwahi kuletewa mkanda wa mashine wenye urefu wa ziada kwa sababu ya mtu mmoja kukosea namba, na mtu huyo alikuwa yeye. Hajawahi kuniambia hilo katika miaka yote ya ndoa. Nilimpenda sana asubuhi ile, ingawa aliharibu kwa kuongeza, "Lakini mimi nilikuwa kijana."

Mjomba naye alikuwa anapiga simu kila baada ya swala ya magharibi. Huko kwao mtandao unapatikana ukisimama kwenye jiwe fulani juu ya nyumba, kwa hiyo alikuwa anaongea kwa sauti ya mtu aliyesimama kwenye jiwe.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Huyo mgonjwa anaendeleaje?"

"Bado, mjomba. Anatafutiwa mazabodi."

"Hiyo ni dawa?"

"Ni kama uti wa mgongo."

Upepo ukawa unavuma kwenye simu. "Huyo wa kumzika tu," akasema. "Lakini wewe ndiye unayemjua. Ukoo unasubiri."

Ilipita Jumamosi, ikapita Jumapili. Nilijaribu kuendelea na orodha kwa mkono, kwenye karatasi, nikagundua kwamba mwandiko wangu umekuwa mbaya kuliko wa wale watu watatu. Jumatatu mchana fundi akapiga.

"Mtani, kosa lako nimelipatia mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Njoo na boksi lako la biskuti."

Kumbe katika kuzunguka kwake alikuwa amekumbuka madrasa moja, upande wa pili wa mto, iliyopewa msaada wa kompyuta kuukuu tatu. Moja ilikuwa inafanya kazi. Ya pili bodi yake iliungua siku umeme uliporudi kwa kishindo, na kiti chake kilikuwa 1156. Ya tatu bodi ilikuwa nzima, ila mtu aliyewahi kuifungua aliondoka na prosesa yake asirudi. Hiyo ya tatu kiti chake kilikuwa 1155. Fundi alizijua zote kwa sababu ndiye aliyewapa taarifa za msiba.

Tulikwenda kwa miguu, fundi mbele na begi lake la vifaa, mimi nyuma na boksi. Ustadhi alitupokea kwenye kibaraza, mtu wa makamo mwenye sauti ndogo na kanzu iliyopigwa pasi vizuri. Akaniamkia, nikaitikia, akauliza kwetu ni wapi. Nilipomwambia Mgeta akasema yeye ni wa Mlali.

"Tumewazoea," akasema. "Malori yenu ya kabichi yakipita kwetu yanadondosha mbilimbili, sisi tunaokota. Tumekula sana mboga za Mgeta bila kupanda mlima."

"Basi leo mnalipa," fundi akasema.

Ustadhi aliikagua bodi yangu pole pole. Aliuliza imetoka wapi, nikamwambia benki, akauliza kwa nini basi imekuja ndani ya biskuti. Halafu akaleta ile yake, akaipangusa kwa kitambaa. Vikopo vyake vyote vilikuwa bapa. Nilivihesabu kwa macho huku nikijifanya naangalia dari.

"Nimefikiri," akasema. "Yangu haina dosari hata moja. Yako sina uhakika nayo, ila Mnyamwezi huyu ameisemea. Lazima kuwe na nyongeza kidogo."

Nikashika pochi. Akatikisa kichwa. "Fundi ameniambia mama ni mchapaji. Hapa tuna watoto wengi, na ripoti zao naandika kwa mkono mara mbili kwa mwaka mpaka vidole vinakufa ganzi. Nyongeza yangu ni hiyo."

Nilimtazama fundi. Fundi alikuwa anaangalia mbuzi waliokuwa wanapita nje kama mtu ambaye hajawahi kuona mbuzi. Nikakubali. Nilikwenda pale kubadilishana bodi, nikarudi nimeajiriwa.

Kazi ya kuifunga tuliifanya kesho yake asubuhi. Nasema tuliifanya, kwa sababu nilimwambia fundi siondoki na sikai tu. Alinipa brashi nikasafisha boksi lote, pamoja na feni, mpaka pembeni mwa visu vyake. Akafungua skrubu za bodi iliyokufa, akaitoa nzima, akaiweka kando. Akanionyesha jinsi ya kufuta ile dawa ya zamani ya kupitisha joto iliyokaukia juu ya prosesa, kwa pamba na spiriti, polepole, mpaka juu pakang'aa nikajiona kidogo. Yeye akaiweka prosesa kwenye kiti kipya. Safari hii ilikaa yenyewe, bila kusukumwa. Akaipaka tone la dawa mpya, nyeupe kama dawa ya meno, akaifunika na feni yake. Ramu alinipa mimi niichomeke.

"Bonyeza."

"Itavunjika."

"Haivunjiki. Bonyeza mpaka uisikie inasema ka."

Nikabonyeza. Ikasema ka. Sijui kwa nini jambo dogo namna ile linamfurahisha mtu mzima.

Tukafika kwenye nyaya ndogo za mbele, zile za swichi na taa, ambazo kila moja inaingia kwenye sindano zake na majina yameandikwa kwenye bodi kwa herufi kama mayai ya chawa. Fundi aliinama, akainuka, akageuza kichwa, akawasha tochi. Nikamuuliza miwani yake iko wapi. Akasema jana jioni aliikalia.

"Kwa hiyo Mnyamwezi anahitaji macho."

"Mnyamwezi anahitaji msomaji," akasema. "Ila msomaji niliyenaye ana historia."

Nikavaa miwani yangu nikamsomea moja moja, herufi kwa herufi, naye akachomeka. Nilisoma kila neno mara mbili. Sikukosea.

Akachomeka umeme, akanipa heshima ya kubonyeza swichi. Nikabonyeza. Kimya. Hata ile chafya ya zamani haikuja. Nikabonyeza tena. Fundi akachomoa ramu, akarudisha. Akachomoa waya mkubwa, akarudisha. Akajikuna kisogo. Mimi nilianza kuwaza ripoti za ustadhi nitazichapa kwa mashine gani.

Kisha nikaona, nyuma ya feni, waya mmoja mfupi wenye kichwa cha mraba na matundu manne, umelala tu juu ya bodi haujaingia popote.

"Na huyu je?"

Fundi akautazama. Akautazama tena. "Huyo ni wa prosesa," akasema kwa sauti ya chini.

"Yaani umemkalisha kwenye kiti, halafu hujampa chakula."

"Nilikuwa nakupima, mtani."

"Nimepata ngapi?"

"Hamsini na tano."

"Hiyo tano ina kofia?"

Mama wa vitumbua alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Fundi akauchomeka ule waya, mimi nikabonyeza, na feni ikazunguka, na haikusimama. Ikalia mlio mmoja mfupi. Skrini ikawaka, na baada ya muda wa kutosha kumenya chungwa ikaonekana ile picha yangu ya milima iliyokuwa pale tangu ofisini.

Lakini mambo yalikuwa bado. Tarehe ilirudi nyuma miaka mingi, mpaka wakati ambao mume wangu alikuwa na nywele. Na kwenye kona kukatokea maandishi kwamba kompyuta hii haitambuliki, mwenyewe athibitishe. Nikamuuliza fundi inakuwaje, mwenyewe si mimi, na diski si ileile.

Fundi alikuwa amengojea nafasi hiyo, nadhani, tangu kwenye ule waya. "Mtani, kwenu mtoto ni wa ukoo gani?"

"Wa mama yake."

"Na huyu leo umemfanya nini?"

Nikaitazama skrini.

"Umembadilishia mama," akasema. "Sasa anauliza yeye ni wa ukoo gani, na ana haki. Mkamweleze huko Mgeta."

Akabadilisha betri ndogo ya bodi, akarekebisha tarehe, akapiga simu mahali fulani, akaingiza namba ndefu niliyomsomea mimi, na ujumbe ule ukaondoka. Alinitoza ufundi wake kwa bei ya watani, yaani alitaja bei kubwa ya kunitisha kisha akapokea ya kawaida.

Nyumbani mume wangu alisimama mlangoni akaitazama ikiwaka. Alisema kijana amependeza. Nilimaliza madaftari yaliyobaki kwa siku nane, nikila mchana chakula cha jana jioni, naye akipika, au tuseme akipasha moto.

Nilipanda Mgeta na lori lililoshusha mboga sokoni na kurudi tupu, nimekaa mbele na dereva, bahasha yenye kurasa zangu imo ndani ya mifuko miwili ya plastiki kwa sababu ya mvua. Kutoka barabarani mpaka kwa mjomba ni njia ya miguu, na kwetu njia ya miguu ni ngazi isiyo na ngazi. Mjomba alinipokea mfuko, akaniuliza kama kompyuta imepona au nimekuja kutoa taarifa.

Kikao kilifanyika nyumbani kwake, watu wamejaa mpaka uani. Mimi ndiye niliyesoma. Nilisoma majina yote tangu bibi wa kwanza tunayemkumbuka, mama kwa mama, binti kwa binti. Nilipotaja yule bibi mwenye watoto tisa, mama mkubwa, dada yake mjomba, ambaye haoni vizuri tena, alitikisa kichwa taratibu kwa kila jina, wa kwanza mpaka wa tisa, kama anayewahesabu wakiingia ndani. Halafu akasema, "Wa sita na wa saba umewageuza. Aliyeanza kufa ndiye mkubwa." Nikasahihisha kwa kalamu.

Baadaye mwanamke mmoja wa rika langu akasimama kule nyuma, ametulia kabisa, akauliza kama yeye alizaliwa na jiwe. Madaftari yote manne yalikuwa yamemruka. Nikamwandika, na watoto wake watano, na wajukuu aliowataja bila kuvuta pumzi. Mpaka jioni nilikuwa nimejaza kurasa mbili za nyongeza, na hakuna mteremko uliogombaniwa, ingawa mmoja ulitazamwa sana.

Watu walipoondoka mjomba alizikusanya karatasi, akazipanga, akazigongagonga juu ya goti zilingane. Akazifunga kwenye mfuko wa plastiki, akachukua ngazi, akaanza kupanda darini, kule juu ya jiko ambako anahifadhi mahindi ya mbegu kwenye moshi.

"Mjomba, zitanuka moshi," nikamwambia. "Tena usihangaike, nakala ipo kwenye kompyuta."

Alisimama katikati ya ngazi, mfuko mkononi, akanitazama.

"Ile iliyokufa mwezi uliopita?"

Nikashika ngazi isiteleze, akapanda.